Muulize Mjomba: Komiki yangu haifanani na ya mwenzangu

Wapwa zangu hamjambo. Safari hii barua zimejaa komiki za zamani, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa sauti tofauti, yaani "Mjomba, kava langu lina kitu ambacho la mwenzangu halina, je nimeula?" Wengine mmeula kweli, wengine poleni sana. Nimechagua tano, nazijibu hapa.

*Shikamoo Mjomba. Kuna jamaa ananiuzia komiki ya Star Wars namba 1 ya kampuni ya Marvel, kwenye kava imeandikwa senti 35. Anasema za kawaida ni senti 30 na hii ya 35 ni dhahabu tupu. Nishampa nusu ya hela. Nimalizie au nimkimbie? – Nusu Bei*

Marahaba mpwa. Hiyo nusu iliyobaki ishike kwa mikono miwili kwanza.

Jamaa yako hajakudanganya kabisa, shida ni kwamba ukweli wake ni nusu kama malipo yako. Iko hivi. Mwaka 1976 Marvel walitaka kupandisha bei kutoka senti 25 mpaka 30 lakini walikuwa na wasiwasi wateja watasepa, sasa wakafanya majaribio kimyakimya: komiki zenye tarehe ya Aprili mpaka Agosti mwaka ule sehemu kubwa ya Marekani zikauzwa senti 25 kama kawa, ila miji michache wakapelekewa komiki zilezile zimechapwa senti 30. Watu wakanunua tu. Mwaka 1977 wakarudia mchezo, kutoka 30 kwenda 35, tarehe za Juni mpaka Oktoba. Hakuna aliyetangaziwa chochote, mtoto kalipa senti tano zaidi, kasoma, kaikunja kaiweka mfuko wa nyuma, mambo yakaishia hapo, na ndio maana leo kuipata ikiwa safi ni shughuli. Star Wars namba 1 ya Julai 1977 imo kwenye hilo kundi la 35, na Iron Fist namba 14 ya Agosti, ile ambayo mhusika Sabretooth anatokea mara ya kwanza, nayo imo, na hizo mbili watu wanazigombania hasa.

Sasa kasheshe. Star Wars iliuza mpaka ikabidi wachape tena na tena, na riprinti nazo zipo za senti 35! Kwa hiyo hiyo 35 peke yake haikuambii chochote. Angalia kona ya juu kushoto ya kava kama kuna neno Reprint. Halipo? Fungua ndani usome yale maandishi madogo yanayotaja kampuni na tarehe, mara nyingine limejificha huko. Halafu tazama umbo la kiboksi cha bei: kikiwa almasi, yaani mraba uliosimama kwa ncha, achana nayo. Kikiwa mraba wa kawaida bado endelea kukagua, usianze kushangilia.

Mimi mwenyewe nilipigwa hapohapo, ndio maana najua. Niliinunua ikiwa ndani ya plastiki, imefungwa kwa selotepu, na juu ya kava kona ya kushoto muuzaji kabandika kistika chake cha bei cha njano. Nikaona ni uzembe tu wa muuzaji. Kufika nyumbani nikakipasha moto kile kistika polepole kwa drai ya nywele, kikaachia upande mmoja, herufi ya kwanza kuchungulia ikawa T, ikafuata N, nikakaa chini. Kwa hiyo mpwa, mwambie jamaa akupigie picha ya kona ya juu bila kitu chochote juu yake na picha ya maandishi madogo ya ndani. Akianza kuzungusha maneno, dai nusu yako.

*Mjomba habari za kazi. Baba mkubwa aliniachia boksi la Marvel za mwanzo wa miaka ya sitini. Baadhi hazina bei ya senti, zimeandikwa 9d. Nilimuonyesha mtu mmoja akacheka akasema hizo ni kopi za Waingereza, nimpe mtoto achore. Kweli? – Mrithi*

Huyo mtu usimuonyeshe kitu tena.

Hiyo 9d ni peni tisa, hela ya zamani ya Uingereza, d yenyewe imetoka kwa Warumi, denarius, usiniulize kwa nini waliing'ang'ania mpaka 1971 walipobadilisha mfumo wao wa hela. Jambo la muhimu ni kwamba komiki hizo HAZIKUCHAPWA Uingereza. Zilichapwa Marekani, mashine ileile, karatasi ileile, hadithi ileile na matangazo yaleyale ya vitu ambavyo mtoto wa Uingereza hata angeagiza asingeletewa. Walichofanya ni kusimamisha mashine, kubadilisha sahani ya wino mweusi ya kava ili senti iwe peni, wanachapa fungu la kupanda meli, basi. Ukiweka mbili pembeni utaona pia nyingi za peni hazina jina la mwezi kwenye kava, na sababu ni ya kibiashara tu, mzigo ulikuwa unafika umechelewa na nani anataka kununua gazeti linaloonekana la zamani siku linapofika.

Hata Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, ya kwanza kabisa ya Spider-Man, ipo ya 9d. Kwa miaka mingi wakusanyaji wa Marekani walizidharau, wakaziita toleo la Uingereza kana kwamba ni riprinti, na mpaka leo ya peni mara nyingi inauzwa chini ya dada yake wa senti ingawa ni chache kuliko yeye. Kwangu mimi huo ni upofu, lakini upofu mzuri kwa mnunuzi.

Usichanganye na zenye muhuri. Kulikuwa na waagizaji wa Leicester wanaitwa Thorpe & Porter, wao walikuwa wanaleta komiki za senti, hasa za DC, kampuni pinzani ya Marvel, wanagonga muhuri wa wino wa bei ya Uingereza juu ya kava, mwingine umenyooka mwingine umepinda umekaa katikati ya uso wa Superman. Hiyo ni komiki ya kawaida iliyopigwa muhuri, si varianti, yaani toleo lenye tofauti, ya kuchapwa. Kwa hiyo chukua kioo cha kukuzia: bei ikiwa sehemu ya uchapaji utaiona imekaa sawasawa na herufi zingine za kava. Muhuri unakaa juu ya rangi, kingo zake zinavuja kidogo na mara nyingine hauko mahali pamoja kwenye kopi mbili.

Na mtoto mnunulie daftari la kuchorea.

*Mjomba, nina Amazing Spider-Man namba 238 mbili. Moja senti 60, nyingine senti 75. Wakati huohuo rafiki yangu ana Spider-Man ya miaka hiyohiyo yenye bei tatu kwa pamoja. Tumebishana mpaka usiku, yake inawezaje kuwa na bei tatu? – Mbishi*

Raha iliyoje, swali la namba 238! Hiyo ni ya Machi 1983, Hobgoblin, adui wa Spider-Man, anaingia.

Ya senti 75 ni ya Kanada. Dola ya Kanada ilikuwa inadorora, kampuni zikaona kuuza kwa bei ya Marekani kule ni hasara, wakaanza kuchapa kopi za vibanda vya magazeti vya Kanada zenye bei yake peke yake. Marvel walifanya hivyo kuanzia tarehe za Oktoba 1982 mpaka Agosti 1986, DC wao wakaendelea mpaka 1988. Kanada watu ni wachache, kama moja ya kumi ya Marekani, na kopi za vibandani zilikuwa zinashikwashikwa na kila mpita njia, kwa hiyo safi ni chache.

Ya rafiki yako yenye bei tatu, ya Marekani, Kanada na Uingereza kwa mkupuo, hiyo ni ya maduka ya komiki. Mtego uko hapo: watu wanaona 75 katikati ya zile tatu wanaruka juu wanasema nimepata ya Kanada. Hapana. Ya Kanada ina bei MOJA tu na ina bakodi, ile mistari ya kusomwa na mashine. Ile ya dukani kwenye kiboksi cha bakodi ina kichwa cha Spider-Man kimechorwa, au bakodi imepigwa mstari, ili mwenye duka asiweze kuirudisha kama haijauzwa. Maana vibanda vilikuwa vinarudisha, tena hawarudishi komiki nzima, wanachana kava ama kipande cha juu wanatuma kama ushahidi na iliyobaki inatakiwa itupwe. Ukikutana na komiki haina kava ujue ilitakiwa kufa ikanusurika. Maduka yenyewe yalipata mkataba tofauti tangu 1973, Phil Seuling wa New York ndiye alianzisha, nunua kwa punguzo lakini ukishanunua ni yako hata isipouzika.

Mwanzo za vibandani ndizo zilikuwa nyingi na za maduka chache. Baadaye ikageuka, vibanda vikapungua na maduka yakashika soko, kwa hiyo ya bakodi ya miaka ya mwisho ya tisini ndiyo ya kutafutwa. Mwaka ukibadilika na jibu linabadilika.

Kabla sijaenda, fungua hizo 238 zako katikati. Kuna karatasi ya tatuu za kubandika? Ilikuja nayo. Nusu ya watoto wa 1983 walizibandika mkononi siku hiyohiyo, na bila hiyo karatasi komiki inahesabika haijakamilika.

*Komiki yangu ya Hulk ya 1974 ina karatasi gumu limebanwa katikati, tangazo la pete za almasi. Linaharibu usomaji. Nilitoe? – Msomaji wa Kweli*

USILIGUSE. Weka chini hiyo komiki nawa mikono.

Hilo ni tangazo la Mark Jewelers, wauza vito waliokuwa wanawalenga wanajeshi. Liliwekwa kwenye sehemu tu ya komiki, hasa zilizopelekwa kwenye maduka ya kambi za jeshi la Marekani, miaka ya sabini na themanini, ili kijana aliye mbali na mchumba wake asome Hulk halafu afikirie pete. Kwa nje huwezi kuijua, kava ni lilelile, lazima ufungue. Na kwa kuwa limebanwa kwa pini zilezile za stepla, ukilivuta unapasua kurasa za upande wa pili.

Kama Hulk yako ni namba 181, ile yenye Wolverine, mhusika mwingine wa Marvel, basi kuna kitu kingine cha kukagua: ukurasa wa barua za wasomaji. Mle kulikuwa na stempu ya kukata, ina picha ya Shanna, shujaa wao wa kike, na Marvel wenyewe waliwaambia watoto wakate wakusanye. Wakakata. Muuzaji atakuonyesha kava mbele nyuma, atakuonyesha pini, hiyo kona ya ukurasa wa barua hataitaja mpaka umuulize.

*Mjomba unasifia za zamani tu. Siku hizi komiki moja inatoka na kava kumi, chache zinachapwa moja kwa kila mia. Si adimu hizo? – Kijana wa Leo*

Adimu za makusudi mwanangu. Mwaka 1986 DC walitoa The Man of Steel namba 1 na kava mbili ili ununue zote mbili, na mlango ukabaki wazi mpaka leo. Sina ugomvi nazo, zingine zimechorwa vizuri ajabu, ila zinatoka kiwandani moja kwa moja zinaingia kwenye plastiki, hazijawahi kupotea hata siku moja. Linganisha na Justice League namba 3 ya 1987, DC walikuwa wanajaribu nembo mpya, wakachapa fungu dogo lenye maandishi Superman Comics mahali pa nembo yao. Mtu alinunua kibandani bila kujua, akasoma, akamgawia mdogo wake.

Mimi ninayoisaka bado sijaipata na ni ya bata, cheka tu. Uncle Scrooge namba 179 ya 1980. Wachapaji wake walikuwa wamebadilisha jina kutoka Gold Key kuwa Whitman, komiki zao wanauza tatutatu ndani ya mfuko wa plastiki, na miezi michache ya mwaka ule zilitoka kwenye mifuko hiyo tu na mifuko yenyewe ilisambazwa kidogo sana. Mfuko ulikuwa unaonyesha kava la mbele na la nyuma, ile ya katikati huioni mpaka uchane. Kwa hiyo mpwa ukikuta mfuko wa Whitman haujafunguliwa, niandikie mimi kabla hujamwambia mtu mwingine.