Sarafu yenye chale: maswali yenu wiki hii

Rupia ya Mjerumani aliyoacha marehemu bibi, ya 1890, ina mkato ukingoni kama imepigwa tindo. Ni mbovu? (Msomaji, Nansio)

Si mbovu, imechanjwa chale. Mtu fulani zamani aliogopa kupewa shaba iliyovikwa fedha, akaikata aone ndani. Chukua lenzi uchungulie kwenye chale: weupe ukishuka mpaka chini, bibi hakupunjwa. Ukiona wekundu, kuna aliyelizwa.

Mambo haya ni ya kale. Athens, mnamo 375 kabla ya Kristo, ilitungwa sheria kuhusu mkaguzi wa fedha wa sokoni: akikuta sarafu yenye kiini cha shaba au cha madini ya risasi, anaikata papo hapo, na mwenyewe harudishiwi. Inakuwa mali ya mungu wao wa kike, Mama wa Miungu. Wachina wao waligonga vimhuri juu ya sarafu za fedha za kigeni, kila mfanyabiashara na chake, hadi nyingine zikawa na makovu kama mgonjwa wa ndui.

Sonara wa Makoroboi, Mwanza, anataka aipige tupa kwanza ndipo ataje bei. Nikubali?

Usikubali. Mimi nilimkubalia mmoja, ujana huo. Akapiga tupa mara tatu, weupe ukatoka, akatabasamu: "Ni yenyewe, kaka." Kisha akaniambia kwa kuwa ina jeraha, bei imeshuka!

Mwombe mizani yake tu, ile inayosoma hadi gramu 0.01. Weka juu yake glasi ya maji, irudishe sifuri, kisha ning'iniza rupia kwa uzi mwembamba izame bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Ikiwa kavu, rupia nzima ina gramu 11.66, ikizama, mizani isome 1.13 hivi. Iliyolika itapungua kidogo pande zote mbili. Ikiwa na uzito wake kamili halafu majini ikasoma 1.30, hiyo ni shaba au ndugu yake. Sumaku nayo inasaidia, ila inakamata chuma tu. Shaba inapita bila kuulizwa.

Riale yangu imeandikwa 1780. Kweli ina umri huo?

Si lazima. Ndio mwaka aliofariki Maria Theresia, mtawala wa Austria, na sarafu yake imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hadi nyakati zetu. Ya kweli ina gramu 28 na maandishi yaliyoinuka kuzunguka ukingo. Mafundi wa bandia wengi huchoka wakifika ukingoni.

Shilingi ya simba ya 1922 imekatwa, na fundi anasema fedha yake ni hafifu. Ni bandia?

Huenda ni halali kabisa. Shilingi za Afrika Mashariki zilizoanza 1921 zilikuwa na fedha robo tu. Waliochanganya ni serikali ya mkoloni yenyewe.

Niizibe chale kwa risasi, kisha niing'arishe kwa dawa ya meno?

Hapana, mama. Yote mawili.