Kustaafu Florida: Nenda Agosti, na Uombe Makaratasi Kabla ya Kuonyeshwa Jikoni

Mama mmoja muuguzi, mkazi wa Minnesota, ameniandikia wiki hii. Theluji imemchosha, magoti yanalalamika, mzee wake anatimiza miaka 66, na wamepata nyumba Florida ya kati katika mtaa wa wastaafu wa miaka 55 kwenda juu. Vyumba vitatu, bwawa la pamoja la kuogelea, njia za magari ya gofu, dola 380,000. Waliitembelea Februari. Dalali anataka jibu kufikia Ijumaa, na swali la mama ni moja tu: bei hiyo ni nzuri?

Mama, bei ndiyo namba ya mwisho ya kuuliza. Na Februari ndio mwezi wa kudanganywa. Florida ya Februari ni kama Nairobi ya Januari: jua zuri, hewa kavu, jioni unatafuta sweta. Florida ya Agosti ni Mombasa ya Machi kabla ya mvua kuanza, isipokuwa huku radi hupiga karibu kila alasiri na usiku hakuna upepo wa bahari wa kukuokoa ukiwa katikati ya jimbo. Kateni tiketi ya Agosti. Pangeni nyumba wiki mbili katika mtaa uleule, tembeeni kwa miguu saa nane mchana hadi kwenye bwawa, na mwangalie ni nani bado yupo. Mitaa mingi hupungua watu sana kiangazi kwa sababu wageni wa baridi wamerudi kaskazini. Majirani mtakaowakuta Agosti ndio majirani wenu wa kweli.

Kabla ya Ijumaa, mwambieni dalali alete bili ya kodi ya nyumba ya mwaka uliopita, salio la deni la CDD (mamlaka ndogo ya miundombinu ya mtaa, nitaieleza chini) kwa kiwanja hicho, bajeti ya HOA (chama cha wenye nyumba wa mtaa) pamoja na kumbukumbu za vikao vya miezi 12, na kanuni za umri. Akisema hayo mtayaona wakati wa kusaini, mnajua mnaongea na mtu wa aina gani.

Tuanze na kodi, maana hapo ndipo watu wetu huumia zaidi. Florida mwenye nyumba anayeishi ndani yake hupewa msamaha uitwao homestead, unaopunguza thamani ya kutozwa kodi kwa hadi karibu dola 50,000, na thamani hiyo haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Vizuri sana kwa aliyenunua zamani. Lakini nyumba ikiuzwa, kinga hiyo hufa, na tarehe 1 Januari inayofuata thamani hurudishwa kwenye bei ya soko. Chukua hesabu ya mfano: muuzaji anatozwa kwa thamani ya dola 140,000. Toa 50,000, zidisha kwa dola 14 kwa kila 1,000, analipa 1,260. Wewe umenunua kwa 380,000: toa 50,000, kiwango kilekile, ni 4,620. (Nimerahisisha kidogo, kwani sehemu ya msamaha haigusi kodi ya shule.) Mwaka wa kwanza bado unalipa kwa hesabu ya muuzaji, unatabasamu. Bili ya Novemba ya mwaka wa pili ndiyo inayotoa watu machozi, na kama una mkopo, benki inapandisha malipo ya kila mwezi ili kufidia pengo. Nendeni kwenye tovuti ya mthamini wa kaunti, andikeni anwani, kila kitu kipo wazi na bure. Kisha mkihamia, hakikisheni mnaishi humo tarehe 1 Januari na fomu ya homestead imefika kufikia 1 Machi. Mwenye green card anastahili, si lazima uwe raia. Na lipeni Novemba: punguzo ni asilimia 4, Desemba 3, Januari 2, Februari 1, Machi hakuna kitu.

CDD nayo ni mnyama wa peke yake. Ni mamlaka ndogo zinazoundwa kwa sheria ya Florida ya 1980. Mjenzi wa mtaa hakopi benki ili ajenge barabara, mabomba ya majitaka na mabwawa ya maji ya mvua. Mamlaka hukopa kwa kuuza hati fungani, na deni hugawanywa juu ya viwanja. Ukinunua nyumba umenunua na deni lake. Liko sehemu ya chini ya bili ya kodi, kwenye tozo zisizotegemea thamani ya nyumba, kwa kawaida mistari miwili: deni na matunzo. Deni lina mwisho, matunzo hayana. Nyumba mbili za bei moja zinaweza kutazamana barabarani, moja imemaliza deni na nyingine bado ina dola 25,000. Ya pili ni ghali kwa dola 25,000, hata kama dalali anaimba nini.

HOA: msiulize ada ni kiasi gani, ulizeni akiba ni kiasi gani. Ada ya dola 150 kwa mwezi yenye mfuko mtupu ni mbaya kuliko ya 280 yenye akiba, kwa sababu paa la ukumbi likioza mtaandikiwa barua ya mchango wa lazima. Mkichagua fleti badala ya nyumba, someni ripoti ya uhandisi wa jengo kwa makini zaidi. Jengo la Surfside lilipoanguka Juni 2021 na kuua watu 98, jimbo liliweka ukaguzi wa lazima kwa majengo ya makazi ya ghorofa tatu na zaidi yanapozeeka, na akiba ya matengenezo makubwa haikwepeki tena kirahisi. Wengi wanauza fleti za bei rahisi sasa kwa sababu hiyo.

Bima ishughulikiwe kabla ya siku za ukaguzi kwenye mkataba kuisha, si baada. Nyumba ikiwa na umri, kampuni itadai ripoti ya mambo manne: paa, umeme, mabomba, kiyoyozi. Paa la vigae vya lami la chini ya miaka 15 haliwezi kukataliwa kwa umri pekee. Likifika 15, mwenye nyumba ana haki ya kuleta mkaguzi athibitishe kwamba bado lina miaka mitano ya kazi. Fungueni meni swichi: ikiwa imeandikwa Federal Pacific au Zinsco, kampuni nyingi zitakataa hadi ibadilishwe. Angalieni chini ya sinki na karibu na tangi la maji moto: mabomba ya plastiki ya kijivu ya polibutilini, yaliyofungwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 hadi katikati ya 1990, hupasuka bila taarifa.

Kisha lipieni ripoti ya pili, ya ustahimilivu wa upepo. Fundi anapanda darini na kupiga picha vyuma vinavyofunga paa kwenye ukuta, anapima misumari, anaandika umbo la paa. Paa lenye miteremko pande zote nne hupata punguzo zuri kuliko lenye kuta za pembetatu mwishoni. Ripoti hudumu miaka mitano. Nyumba zilizojengwa chini ya kanuni za ujenzi zilizoanza 2002, zilizozaliwa na somo la kimbunga Andrew cha 1992, huanza mbele hapo.

Na msome mstari wa kimbunga. Kiasi mnachobeba wenyewe kabla bima haijalipa kwa kawaida hakiandikwi kama namba, huandikwa kama asilimia ya thamani ya jengo. Asilimia 2 ya dola 300,000 ni dola 6,000 kutoka mfukoni. Mafuriko hayamo kabisa, yana bima yake. Ile ya serikali kuu hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vyombo, na huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia, isipokuwa imekatwa pamoja na mkopo wa kununua nyumba. Wanaosubiri kimbunga kionekane kwenye televisheni wamechelewa. Kuhusu mashimo ya ardhi, maana Florida ya kati imekaa juu ya chokaa: bima ya kawaida hulazimika kulipia ardhi ikididimia ghafla hadi nyumba isikalike. Nyufa za polepole zinahitaji nyongeza ya kulipia.

Sasa kanuni za umri, na hapa niwaseme watu wetu kidogo. Sisi hatuulizi mjukuu akija ataondoka lini. Mtaa wa 55 unauliza. Sheria ya Marekani ya 1995 inaruhusu mtaa kukataa familia zenye watoto mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi, na kila mtaa huongeza masharti yake. The Villages, ulio mkubwa kuliko yote, unaruhusu mtoto wa chini ya miaka 19 kukaa siku 30 tu kwa mwaka, isipokuwa sehemu chache zilizotengwa kwa familia. Kama binti yenu anafanya zamu za usiku na anategemea mkae na watoto likizo nzima ya kiangazi, huo mtaa si wenu, na ni heri mjue leo. Ulizeni pia: mwenzi mwenye miaka 51 akifiwa, anabaki? Mitaa mingi humruhusu, lakini ipatikane kwenye maandishi, si mdomoni mwa dalali. Na aliye na watoto wa ndoa ya kwanza amwone wakili wa Florida: katiba ya jimbo haikuruhusu kumwachia mtoto nyumba unayoishi kwa wosia huku mke au mume yu hai.

Bustani? Mchicha na sukuma mnaweza. Tangu 2024 HOA haiwezi kuzuia bustani ya mboga wala kamba ya nguo, ikiwa havionekani kutoka mbele ya nyumba, viwanja vya jirani, maeneo ya pamoja au uwanja wa gofu.

Bima ya afya nitaipita haraka. Medicare ya asili, ile bima ya serikali kuu kwa wazee, inafuata mtu jimbo lolote. Ile ya kampuni binafsi, Advantage, ni ya eneo: mkihama nje ya eneo lake mna mwezi wa kuhama na miezi miwili kamili baada yake kuchagua nyingine. Pigeni simu kwa madaktari kabla ya kuhama, muulize kama wanapokea wagonjwa wapya, maana kwenye kaunti zilizojaa wazee foleni ya daktari wa moyo inaweza kuwa ndefu kuliko ya kununua nyumba. Leseni ya udereva ibadilishwe ndani ya siku 30.

Kinachobaki ni kuishi na kiyoyozi, na mgeni kutoka Minnesota anakijua kitanuru cha kupasha nyumba joto tu. Kazi ya kiyoyozi Florida ni kukausha hewa kwanza, kupoza baadaye. Ndiyo maana kikubwa kupita kiasi ni kibaya: kinapoza chumba kwa dakika chache na kuzimika kabla hakijavuta unyevu, mnabaki na baridi ya pangoni. Nunueni kipimo cha unyevu cha dola 15, mkiweke chumbani. Kikizidi asilimia 60 siku baada ya siku, kuvu itaanza nyuma ya kabati la nguo na kwenye viatu vya ngozi. Swichi ya feni ikae kwenye "auto". Mkiiweka izunguke muda wote, inapuliza maji yaliyokwama kwenye koili yarudi ndani ya nyumba.

Maji hayo hutoka kwa bomba jeupe la plastiki la robo tatu ya inchi. Tafuteni mdomo wake nje ya nyumba siku ya kwanza. Mchana wa Agosti lazima udondoshe. Usipodondosha, mwani umeziba ndani, na maji yanajaa kwenye trei darini hadi dari iwe na doa la rangi ya chai. Dawa ni rahisi: karibu na mashine ya ndani kuna kiungo cha umbo la T chenye kifuniko. Kila mwezi mimina kikombe kimoja cha siki nyeupe, subiri nusu saa, fuatisha maji. Likiwa limeziba tayari, tumia mashine ya kufyonza maji kwenye mdomo wa nje, funga kwa kitambaa kiungo kisivuje hewa, nyonya dakika mbili tatu. Fundi akija kufanya hivyo hivyo analipwa zaidi ya dola mia. Ombeni pia swichi ya kuelea iwekwe, inayozima mashine maji yakipanda.

Mkienda kusalimia nyumbani Afrika Julai kwa wiki sita, msizime kiyoyozi kuokoa umeme. Kiacheni kwenye nyuzi 26, fungeni koki kuu ya maji, zimeni tangi la maji moto, na mmwachie jirani wa Agosti ufunguo aingie mara moja kwa wiki. Someni kwanza bima inasema nini kuhusu nyumba iliyokaa tupu zaidi ya siku 30, kisha mkate tiketi. Betri za gari la gofu, kama ni zile za asidi, ziongezwe maji ya betri (distilled) baada ya kuchaji, si kabla, la sivyo asidi itafurika na kuchora sakafu ya gereji.