Saratani ya ovari ya mama imefika kwenye ini: bado kuna tiba?

Pole sana, mdogo wangu. Umesema mama ana miaka 58, saratani imeingia hadi ndani ya ini, tumbo limejaa maji, na jirani anawaambia msipoteze hela kwa dawa. Msimsikilize.

Hiyo ni hatua ya 4, na kupona kabisa ni kwa nadra, sitakuficha. Marekani, kati ya wanawake 10 wanaogundulika ikiwa imesambaa mbali, kama 3 hivi huwa hai baada ya miaka 5. Lakini mara nyingi saratani hii huitikia dawa vizuri mwanzoni. Dawa zenyewe ni karboplatini na paklitakseli, kwa dripu, kila baada ya wiki 3. Wagonjwa wengi wa namna hii huanza na dozi 3 au 4, kisha upasuaji, halafu dozi zilizobaki. Muulizeni daktari waziwazi: upasuaji utawezekana? Kipimo cha jeni za BRCA, zile ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani hii na hurithiwa katika familia, kinapatikana? Hicho kinakuhusu hata wewe na dada zako.

Maji yanatolewa. Nilimuuguza mama mkubwa. Tumbo lilikaza hadi kanga haifungiki, akila vijiko viwili anasukuma bakuli. Siku waliyomtoa maji aliomba uji, akamaliza kikombe kizima.

Maumivu nayo asiyavumilie. Ombeni morfini ya maji, wala haina maana kwamba mmekata tamaa. Na akipata homa baada ya dozi ya dawa za saratani, hata iwe usiku wa manane, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.