Kufungua stabilaiza kwenye njia ya mawe

Habari ndugu. Umeuliza kama ufungue stabilaiza (baa ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona), maana tairi moja la mbele linaning'inia hewani ukipita kwenye mawe. Kama mbele kuna eksoli nzima (moja inayobeba magurudumu yote mawili), fungua linki (vyuma vifupi vinavyoshika ncha za baa kwenye eksoli) za mbele tu, nyuma usiguse. Kama kila gurudumu lina mkono wake, faida ni ndogo, usijisumbue.

Anza kwa kukagua kama paipu za breki na nyaya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) zina urefu wa kutosha: gurudumu likishuka zaidi ya kawaida, ndizo zinazovutika hadi kukatika. Simamisha gari pa tambarare, la sivyo baa inakaa na mkazo na linki zinagoma kutoka. Fungua nati za chini za linki pande zote mbili (upande mmoja hautoshi), funga baa juu kwa waya, mbali na tairi. Rudisha kabla ya lami. Bila stabilaiza, kwenye kona gari litalala vibaya.