Ufahamu na barua za Kiingereza: tunavyofanya mazoezi nyumbani

Mama yangu aliuza makaa Makadara, Nairobi, kwa miaka mingi. Nilikua nikiyajua makaa kwa harufu, kwa uzito na hata kwa mlio: yaliyoiva ukiyagonganisha hulia kama vigae, yasiyoiva hayalii. Basi siku ya mtihani wa mwigo, ule wa kujiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, nilipofunua Karatasi ya Pili ya Kiingereza nikakuta kifungu cha ufahamu kinahusu biashara ya makaa mjini, moyo wangu ulitulia. Nikajiambia, hiki ni changu. Nikakisoma mara moja, mbio mbio, nikaanza kujibu.

Nilipata alama 6 kati ya 20.

Mwalimu wetu hakunigombeza. Aliandika swali lile lile pembeni mwa majibu yangu manne: "Where is this in the passage?" Nikarudi kwenye kifungu nikiwa na hasira kidogo, kwa sababu nilijua nilichokiandika ni kweli. Swali moja liliuliza kwa nini, kulingana na kifungu, familia za mjini bado zinanunua makaa hata zikiwa na jiko la gesi. Mimi nilijibu kwamba githeri ikipikwa kwa gesi mtungi huisha upesi. Mtaani kwetu hakuna asiyelijua hilo. Lakini mwandishi wa kifungu hakulisema popote. Yeye alisema makaa hununulika kwa mkebe mmoja, kwa pesa ya siku hiyo, ilhali mtungi unataka pesa zote kwa pamoja. Jibu lilikuwa mstari wa tisa. Macho yangu yalilipita kwa sababu nilikuwa nikimsikiliza mama badala ya kumsoma mwandishi.

Miaka imepita, na sasa ninaishi Umoja na mpwa wangu aliye kidato cha nne. Watoto wawili wa majirani hujiunga nasi Jumamosi jioni. Mimi si mwalimu wa shule. Ninayoyaeleza hapa ni yale yaliyonisaidia kutoka kwenye zile alama 6, na ambayo nimeyaona yakiwasaidia hawa watatu.

Meza yetu ina sheria moja ya ufahamu: kidole kabla ya kalamu. Kabla hujaandika jibu lolote, weka kidole kwenye mstari unaolibeba. Ukikosa mstari, bado huna jibu. Mwanzoni tuliandika nambari za mistari kwa penseli, na kila jibu likaandikiwa nambari yake pembeni. Inachosha. Wiki ya kwanza mpwa wangu alilalamika kwamba anakuwa kama mtoto wa darasa la tatu. Wiki ya tatu aliacha kulalamika, kwa sababu aligundua yapo maswali ambayo jibu lake limegawanyika, nusu aya ya pili na nusu aya ya tano, na zamani alikuwa akiandika nusu moja na kushangaa kwa nini amepewa alama 1 badala ya 2.

Angalieni pia alama zilizoandikwa mbele ya swali. Swali la alama 2 mara nyingi linataka mambo mawili. Mtahiniwa anayeandika jambo moja kwa sentensi nne ndefu hajaongeza kitu.

Maswali ya maana ya maneno yana mtego wake. Swali linataka maana ya neno lilivyotumika katika kifungu, na neno la Kiingereza hubadilika sana kulingana na mahali lilipoketi. Njia yetu ni kulitoa neno, kuliweka lile unalolidhania, kisha kusoma sentensi nzima kwa sauti. Tulikuwa na sentensi iliyosema mzee mmoja "grudgingly" alikubali kuuza shamba. Mpwa wangu aliandika "unwilling". Tulipoliweka ndani, sentensi ikavunjika: "the old man unwilling agreed". Yeye mwenyewe aliisikia ikivunjika. Akaandika "unwillingly". Maana alikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni umbo la neno, na umbo hilo sikio ndilo lililomwonyesha. Ndiyo maana nasisitiza kusoma kwa sauti nyumbani, hata kama majirani watawasikia.

Kuhusu ufupisho, hesabuni maneno. Ukiambiwa maneno yasizidi 40, andika rasimu, hesabu, kata, kisha nakili safi. Ukiambiwa uandike kwa muundo wa vidokezo, usiandike sentensi kamili. Haya yanaonekana madogo, lakini nimeona watoto wenye Kiingereza kizuri sana wakipoteza alama papa hapa kwa kutosoma amri ya swali hadi mwisho.

Mtauliza vifungu tunavitoa wapi. Karatasi za KCSE za miaka iliyopita zipo, lakini huisha haraka, na mtoto akishafanya kifungu mara mbili anakumbuka majibu. Mimi hununua magazeti ya zamani, yale yanayouzwa kwa kilo kwa wenye bucha. Kwa pesa kidogo unapata rundo la mwezi mzima. Ukurasa ninaoupenda ni ule wa barua kwa mhariri. Barua hizo ni fupi, zina hoja moja, na zimeandikwa na Wakenya kuhusu mambo tunayoyaona: taka, karo, barabara. Mtoto mmoja huchagua barua, anatunga maswali matano, mwingine anajibu. Kutunga swali ni mazoezi mazuri kuliko kulijibu, kwa sababu mtungaji analazimika kujua jibu limelala mstari gani.

Barua hizo hizo huzaa mazoezi ya kujaza mapengo ya Karatasi ya Kwanza. Chukua kalamu nyeusi, ufute maneno kumi. Usifute majina ya watu au miji. Futa yale madogo: "of", "although", "the", "been", "whose". Mpe mwenzako. Mkibishana kama pengo la saba ni "in" au "at", hapo ndipo mnapojifunza.

Na kama nyumbani hakuna nafasi, nendeni maktaba. Mimi nilisomea maktaba ya Kaloleni, ambayo ni tawi la ile ya McMillan iliyoko Banda Street, ile yenye simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931. Tawi jingine liko Makadara. Kinachofaa si vitabu peke yake. Kuketi saa mbili mezani pamoja na watu wengine walionyamaza ni zoezi la mtihani, kwa sababu chumba cha mtihani ndivyo kilivyo.

Sasa barua, na hapa nitakaa zaidi.

Swali la uandishi wa kiuamilifu, yaani maandishi yenye kazi maalumu kama barua, katika Karatasi ya Kwanza lina alama 20 kati ya 60. Karatasi nzima ni saa mbili, kwa hiyo ukigawa sawasawa una dakika 40, pamoja na za kupanga na kusoma tena. Watoto wengi hukariri muundo wakaishia hapo. Muundo ni muhimu, lakini hauna ugumu, na habari njema ni kwamba mnaujua tayari kwa Kiswahili. Barua rasmi ina anwani mbili, tarehe, mtajo, kichwa, mwili na kimalizio. Pale mnapoandika MINT: kwa Kiswahili, Kiingereza kinasema "RE:". Pale penye "wako mwaminifu" ndipo penye "Yours faithfully". Tofauti ya kushika ni hii: ukianza na "Dear Sir" au "Dear Madam", unafunga na "Yours faithfully". Ukimtaja mtu kwa jina lake, unafunga na "Yours sincerely". Neno la pili halianzi na herufi kubwa, na "Yours" haina kibainishi ('). Jina lako haliandikwi juu ya anwani yako. Linakuja mwisho, chini ya sahihi. Barua ya kirafiki ina anwani moja tu, na haina "RE:".

Hayo mtoto huyashika kwa jioni mbili. Kinachowashinda ni mwili wa barua, na nadhani sababu ni kwamba barua hizi huandikiwa hewa. Mtoto anaandika kwa meneja asiyekuwepo wa kampuni isiyokuwepo, anajua hakuna atakayeisoma isipokuwa msahihishaji, na maneno yake yanakuwa hewa vilevile.

Mwezi wa pili mwaka huu maji yalikauka kwenye ploti yetu. Mfereji mkuu ulikuwa umevunjika, na kila tulipomwambia msimamizi, yule tunayemwita keateka, alijibu kwamba wakala wa nyumba amejulishwa. Siku ya tisa nilimwambia mpwa wangu, "Mwandikie wakala wewe. Kwa Kiingereza. Nitaipeleka." Akanitazama. "Anti, kweli utaipeleka?" Nikamwambia kesho asubuhi nikienda kazini.

Rasimu yake ya kwanza ninayo bado. Inaanza hivi: "I hope this letter finds you well. I am writing this letter to inform you that me and my family we are suffering because of water." Nilimuuliza maswali ambayo wakala angeuliza. Ploti gani? Tangu lini? Nyumba ngapi? Unataka nini kifanyike, na lini? Hakuna hata moja lililokuwa na jibu kwenye barua. Akaanza upya: "The main pipe serving our block broke nine days ago, and fourteen houses have had no water since then." Kwa sentensi moja wakala ameshajua kilichotokea, tangu lini, na kwa nyumba ngapi. Na tazameni, ndani yake hakuna neno gumu hata moja. Kiingereza kilikaa sawa kwa sababu jambo lenyewe lilikaa sawa kichwani mwake.

Aya ya pili alieleza walivyokuwa wakinunua maji kwa mtungi, na bei. Aya ya tatu aliomba, na ombi ndilo lililotupa somo kubwa. Aliandika: "Kindly borrow us a tank." Kwa Kiswahili tunasema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu kwake", neno moja kwa njia zote mbili. Kiingereza kimegawa: anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Kwa hiyo ombi ni "Kindly lend us a tank". Makosa ya aina hii yanafanana, na yote yana mama mmoja. "Add me some tea" ni "niongeze chai". "They are remaining two" ni "wamebaki wawili". Mtoto hakosi kwa uvivu. Anafikiri kwa lugha yake, kama tunavyofikiri sote, na anahitaji kuonyeshwa mahali njia zinapoachana. Tuna daftari la makosa hayo. Ukurasa umegawanywa kwa mstari katikati, kushoto Kiswahili chetu, kulia Kiingereza chao. Sasa lina kurasa sita, na kila sentensi imo kwa sababu mmoja wao aliiandika kweli.

Andikeni kwa mkono. Simu hurekebisha tahajia na kumalizia maneno yenyewe, halafu siku ya mtihani mtoto anaandika "recieve" bila kusita. Barua ya maji iliandikwa kwa kalamu, kwenye karatasi yenye mistari, mara tatu.

Si lazima muwe na mfereji uliovunjika. Kuna shukrani kwa mkutubi. Kuna ombi kwa mwenye duka la vifaa la kutaka kujifunza kazi likizoni. Kuna barua ya kirafiki kwa binamu aliyeko Kitale, ambayo hata ikipigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp inasomwa na mtu halisi, naye anajibu. Anayejua kwamba barua yake itafika huwa makini kwa namna ambayo mimi, kwa kusihi kwangu kote, sikuwahi kuipata.

Jambo moja dogo zaidi kuhusu mtihani wenyewe: mara nyingine swali moja la uandishi huomba vitu viwili, mathalani barua na kitu kingine kifupi kinachofuatana nayo. Someni swali lote, mpige mstari chini ya kila kinachotakiwa, na mgawe muda kabla ya kuanza.

Wakala alijibu baada ya siku nne. Fundi alikuwa ameshakuja. Barua yake ilikuwa na aya moja, imepigwa chapa, ikisema mfereji umetengenezwa na kuomba radhi. Mpwa wangu aliisoma amesimama mlangoni, viatu vya shule bado miguuni, kisha akaenda kuchukua penseli. Nilidhani anataka kuandika nambari za mistari. Alichora duara chini kabisa. Barua ilianza na "Dear Madam", ikafungwa na "Yours sincerely".

"Anti," akasema, "hapa alitakiwa aandike 'faithfully'."

Ameibandika kwenye jalada la ndani la lile daftari. Jumamosi hii tunaanza barua pepe.