Maswali na Majibu: Mchicha wa Ndani ya Nyumba na Hofu ya Upekuzi wa Polisi

Wasomaji wetu wengi wanaoishi Marekani hupanda mboga za nyumbani ndani ya nyumba, kwa sababu mchicha na mnavu haivumilii baridi ya Ohio wala ya Minnesota, na katika maduka ya huko si rahisi kuipata. Barua zilizofika safari hii zina hofu moja: kwamba taa, trei za miche na mbolea ya maji, ambavyo ndivyo vifaa vilevile vya wakuzaji wa bangi, huenda vikawaletea polisi mlangoni. Hofu hiyo haifai kupuuzwa. Nimejibu kwa kufuata sheria za Marekani, na pale ambapo majimbo yanatofautiana nimesema hivyo.

Nilinunua taa na mbolea ya maji katika duka la vifaa vya haidroponiki, yaani kilimo cha maji bila udongo. Mfanyakazi mwenzangu akaniambia kuwa polisi huandika namba za magari ya wateja wa maduka kama hayo. Je, ni kweli au ananitisha tu? (Baba wa watoto wawili, Kansas City)

Ndugu yangu, jambo hilo limekwisha kutokea, tena katika eneo unaloishi. Agosti 2011, askari wa doria ya barabara kuu ya jimbo la Missouri, aliyekuwa akilitazama duka la aina hiyo mjini Kansas City, alimwona baba mmoja akitoka na watoto wake wawili, mkononi ana mfuko mdogo, akaandika namba ya gari lake. Baba huyo alikuwa amenunua vifaa vya kupandia nyanya pamoja na mwanawe, ili mtoto ajifunze. Miezi kadhaa baadaye taarifa hiyo ilifikishwa kwa polisi wa Kaunti ya Johnson, upande wa Kansas, nao Aprili 2012 wakazipekua taka za familia hiyo mara tatu katika mji wa Leawood. Mara ya kwanza waliona majani yaliyolowa wakayaacha. Mara ya pili na ya tatu majani ya namna ileile yalitiwa katika kipimo cha papo hapo, na kipimo kikasema ni bangi.

Asubuhi ya tarehe 20 Aprili, siku ambayo wavutaji wa bangi wa Marekani huiadhimisha kama sikukuu yao, kikosi chenye silaha kiliingia katika nyumba ile. Baba alilazwa sakafuni bila shati, mke na watoto wakawekwa chini ya ulinzi sebuleni, na upekuzi ukaendelea kwa zaidi ya saa mbili. Kilichopatikana katika chumba cha chini ya nyumba ni mimea michache ya nyanya na jamii ya maboga. Yale majani yaliyolowa yalikuwa majani ya chai aliyokuwa akinywa mama wa nyumba hiyo, na yalipopelekwa maabara baada ya upekuzi, haikuonekana bangi yoyote.

Tazama jinsi kila kiungo cha mnyororo huo kilivyokuwa dhaifu: safari moja dukani, konzi ya majani ya chai, na kipimo ambacho hakikuthibitishwa. Hakuna hata kimoja ambacho peke yake kingetosha kuvunjia familia heshima namna ile, lakini vilipounganishwa katika kiapo kimoja cha polisi cha kuomba hati ya upekuzi vilimtosha jaji kutia sahihi. Wala kuwafuatilia wateja wa maduka hayo hakukuanzia hapo, kwa kuwa mwaka 1989 idara ya serikali kuu ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, iliendesha operesheni ya nchi nzima iliyoitwa Green Merchant, ambayo ililenga maduka ya taa na vifaa vya haidroponiki pamoja na wanunuzi wao.

Kununua taa si kosa, na nisingependa uache kwenda dukani kwa sababu ya woga. Hifadhi risiti za taa na za mbegu pamoja, na piga picha za miche yako kadiri inavyokua. Kumbukumbu hizo hazizuii mtu kukushuku, ila zitamsaidia wakili wako endapo utamhitaji.

Nyumbani kwetu chai huchemshwa kwa majani kila siku, na mabaki huyatupa katika pipa. Je, polisi wanaruhusiwa kupekua taka zangu bila hati ya upekuzi kutoka kwa jaji? (Mama wa nyumbani, Columbus, Ohio)

Ndiyo, mama, wanaruhusiwa. Mwaka 1988, katika kesi ya California dhidi ya Greenwood, Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo ya juu kuliko zote nchini humo, iliamua kwamba ukishaweka mfuko wa taka ukingoni mwa barabara ili uchukuliwe, huwezi tena kudai kuwa yaliyomo ni siri yako. Yapo majimbo ambayo mahakama zake zimeweka ulinzi mkubwa zaidi kwa katiba zao wenyewe, na New Jersey ni mfano mmoja, lakini kanuni ya nchi nzima ndiyo hiyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kile kipimo. Askari hutia kipande cha jani katika kifuko chenye dawa, hukitikisa, kisha hutazama rangi. Kipimo hicho kilikusudiwa kuwa hatua ya kwanza tu, kwa sababu vitu visivyo bangi navyo vinaweza kutoa rangi inayofanana, na ndiyo maana sampuli inapaswa kupelekwa maabara kabla ya mtu kuvunjiwa mlango. Jana usiku niliyamwaga machicha ya chai yangu juu ya sahani nyeupe, nikayakunjua kwa ncha ya kisu: kila jani lilifunguka likawa pana, lenye mshipa mmoja katikati na meno madogo pembezoni, na pembeni yake palikuwa na maganda ya iliki na nyuzi za tangawizi. Kazi hiyo ilinichukua dakika mbili.

Usiache chai yako. Ukiwa na bustani ndogo, machicha hayo ni mboji nzuri, na yakiingia katika ndoo ya mboji ndani ya nyumba hayafiki ukingoni mwa barabara.

Taa zangu hutoa mwanga wa zambarau unaoonekana dirishani hadi saa tano za usiku, na bili ya umeme imepanda. Je, polisi wanaweza kupima joto la nyumba yangu au kuomba takwimu za mita yangu? (Msomaji, Minneapolis)

Kuhusu joto, jibu ni la kutia moyo. Mwaka 1992, huko Florence katika jimbo la Oregon, maofisa walikaa ndani ya gari wakaielekezea nyumba kamera ya kupimia joto, na baadaye wakapata hati kwa kutumia walichokiona. Mwaka 2001, katika kesi ya Kyllo, mwenye nyumba hiyo, majaji watano wa Mahakama Kuu dhidi ya wanne waliamua kwamba kutumia chombo ambacho hakimilikiwi na watu wa kawaida ili kujua yaliyo ndani ya nyumba ni upekuzi kamili, na upekuzi huo unahitaji hati ya jaji. Mwenye nyumba ile kweli alikuwa akikuza bangi, lakini majaji waliwafikiria pia wasio na hatia, wakaeleza kwamba chombo kama hicho kinaweza kufichua hata saa ambayo mama mwenye nyumba huoga. Na joto ni joto tu. Mei 2021, polisi wa West Midlands nchini Uingereza walivamia jengo walilolishuku kuwa shamba la bangi kwa sababu ya joto lililoonekana kwa droni, wakakuta kompyuta za kuzalisha bitkoini, yaani sarafu ya kidijitali.

Mwanga unaoonekana kutoka barabarani ni jambo jingine, kwa kuwa kinachoonekana na kila mpita njia hakina ulinzi huo. Hata kibanda cha kupandia kilichoko uani kinaweza kutazamwa kutoka angani: mwaka 1989 Mahakama Kuu iliruhusu ushahidi wa askari aliyechungulia kutoka kwenye helikopta, futi 400 juu ya ardhi, kupitia pengo la paa. Kwa hiyo funga pazia bila kujishuku. Pazia ni heshima ya nyumba, na wewe si mtu anayeficha kosa.

Kuhusu mita, mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliamua mwaka 2018, katika kesi iliyohusu mji wa Naperville, Illinois, kwamba kukusanya takwimu za mita za kisasa kila baada ya dakika 15 ni upekuzi, ila unakubalika kwa sababu haukufanywa ili kumshtaki mtu, na ikaonya kwamba uamuzi ungeweza kuwa tofauti kama lengo lingekuwa la kipolisi. Nakushauri ujue hesabu yako mwenyewe. Rafu ya taa za LED za wati 100 zinazowaka saa 14 hutumia kilowati-saa 1.4 kwa siku, yaani 42 hivi kwa mwezi, ilhali hita ndogo ya wati 1,500 ikiwaka saa sita tu hutumia kilowati-saa 9 kwa siku. Huenda iliyopandisha bili yako ni hita.

Je, kuna mboga zetu zinazofanana na bangi? (Kijana mkulima, Clarkston, Georgia)

Bamia. Mwaka 2014, katika jimbo lako hilohilo, askari waliokuwa wakipita na helikopta waliona mimea ya bamia katika uwanja wa nyumba ya mstaafu mmoja wa Cartersville, wakadhani ni bangi, wakamfikia wakiwa na silaha na mbwa. Baadaye walimwomba radhi. Jani la bamia limegawanyika kama kiganja, lakini ni jani moja lililokatwa pande zake, na vipande vyake kwa kawaida ni vitano; la bangi ni vijani vyembamba vilivyo mbalimbali, mara nyingi saba, vinavyokutana kwenye kikonyo. Aliyewahi kuchuma bamia hawezi kuvichanganya.

Polisi wakibisha hodi, nami niko peke yangu na watoto, nifanye nini? Kiingereza changu si kizuri. (Mama, Buffalo, New York)

Mama, hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu malezi yetu mema yenyewe yanaweza kutuponza. Mtu akipiga hodi, ulimi wetu hutamka “karibu” kabla hatujamtambua, na miguu husogea kumpisha. Kwa askari asiye na hati, ishara kama hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa ridhaa, na tangu mwaka 1973 Mahakama Kuu imeshikilia kwamba polisi hawalazimiki kukuambia kuwa unayo haki ya kukataa. Zungumza nao mlango ukiwa umefungwa au ukiwa na mnyororo, uulize kama wana hati ya jaji, na useme kwa upole, “Siruhusu upekuzi.” Ukitaka mkalimani, mwombe. Hata mbwa wa kunusa hawezi kuletwa kwenye baraza yako kutafuta ushahidi bila hati. Hilo liliamuliwa mwaka 2013 katika kesi ya Jardines kutoka Florida.

Wakiwa na hati, wapishe. Usimguse askari, usikimbie, weka mikono ionekane, na wakusanye watoto karibu nawe. Omba kuisoma hati, na uangalie kwanza anwani pamoja na namba ya fleti, kwa maana polisi wamewahi kuingia fleti isiyo sahihi na mwaka 1987 mahakama ikalisamehe kosa hilo kwa kuwa lilikuwa la kueleweka. Endelea kusema, “Sikubali,” kisha unyamaze. Wale ambao hawajapata uraia wasijibu lolote kuhusu bangi, hata kwa utani, hata katika jimbo linaloiruhusu, kwa sababu sheria ya serikali kuu bado inaikataza na ndiyo inayoamua mambo ya uhamiaji.

Wakikosea, watanilipa? (Msomaji, Kansas)

Usiitegemee fidia. Familia ya Leawood ilitumia takriban dola 25,000 kwa mawakili ili tu ipate hati ya kiapo iliyoeleza kwa nini nyumba yao ilipekuliwa. Kesi waliyowafungulia maofisa ilitupwa, mahakama ya rufaa ikairudisha kwa sehemu mwaka 2017, lakini Desemba ya mwaka huohuo baraza la raia walioteuliwa kuamua kesi likawapa ushindi maofisa. Walichowaachia wengine ni sheria: mwaka 2014 Kansas ilibadilisha utaratibu, na sasa mwananchi anaweza kuomba hati za kiapo za namna hiyo isipokuwa jaji ameamuru zifungwe.

Kwa hiyo, siku ileile piga picha za kila kilichovunjwa kabla ya kufagia, andika saa na namba za maofisa, tunza nakala ya hati na orodha ya vitu vilivyochukuliwa, kisha iombe hati ya kiapo mahakamani kwa maandishi. Mwone wakili mapema, kwa kuwa katika majimbo mengine muda wa kuiarifu serikali juu ya madai yako huhesabiwa kwa miezi michache tu.