Kabla Hamjafungua Besi: Maneno kwa Vijana Wetu wa Bendi

Wadogo zangu mnaoanza kupiga besi katika bendi za harusi na za hoteli hapa Malindi, ninawaandikia kwa sababu nimechoka kuona magitaa mazuri yakifunguliwa kwa pupa. Kijana akisikia besi yake imefifia, huwaza kuagiza pikapu mpya (kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) kutoka Nairobi, ilhali nyuzi alizonazo zimekwisha kuliwa na hewa ya chumvi.

1. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila mmalizapo kupiga. Anayetaka sauti nene ya kizamani aweke nyuzi bapa na kipande cha sponji chini yake karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa), kama alivyofanya mpiga besi James Jamerson katika rekodi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani.

2. Bonyezeni uzi kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya mwisho, acheni milimita 2 au 3 kati yake na pikapu, kisha sikilizeni. Wanaoipandisha pikapu kwa kutafuta nguvu huufanya uzi uvutwe na sumaku, noti za juu za uzi mnene zikayumba, na lawama ikaangukia tyuni.

3. Karatasi ya shaba ya kuzuia mvumo ni kazi njema, mradi vipande vyote viwe vimeungana na kufika kwenye ethi, yaani waya wa ardhi. Kijana wetu mmoja aliibandika kwa ustadi ndani ya tundu lote la nyaya, pembe zimelala, hapana hata mkunjo. Akaijaribu besi kabla ya kufunga kifuniko, ikalia safi. Akakaza skrubu, akaenda harusini. Jukwaani, kimya. Alibadilisha kebo, akabadilisha amplifaya, akagombana na fundi mitambo, huku mwimbaji amekwisha kuanza na mpiga kinanda akihangaika kubeba sauti za chini kwa mkono wa kushoto. Tulipokifungua kifuniko usiku ule, besi ikalia, tulipokifunga, ikanyamaza. Plagi ikiingia, ulimi wa jeki (pale pa kuchomekea kebo) husukumwa nje, na kifuniko kikiwa mahali pake ulimi huo ulikuwa unagusa ukuta wa shaba. Ulimi ndio unaobeba sauti, shaba imeungwa na ethi, basi sauti yote ikaishia huko. Kipande cha utepe wa umeme kisichozidi kidole kingemwondolea aibu ile, na iliniuma kumwona akishuka jukwaani ameinamisha kichwa, kwa maana kazi yake ya mikono ilikuwa bora kuliko ya wengi. Kwa hiyo pimeni kwa mita kifuniko kikiwa kimefungwa, kebo imechomekwa na vifundo vya sauti vimefunguliwa: kwa besi isiyotumia betri, omu elfu kadhaa ni sawa, lakini sifuri ina maana kuna mahali panapogusana.

4. Poti, yaani kile kifaa kilicho chini ya kifundo cha sauti au toni, ikikwaruza isafishwe kwanza kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme. Kapasita ya kawaida ya toni, ile inayopunguza sauti kali, ni mikrofaradi 0.047, ya 0.1 hukata sauti kali zaidi. Toni ikiwa wazi kabisa tofauti yake ni ndogo mno, basi msikubali kuuziwa kapasita kwa bei ya pikapu.

5. Waya wa ethi unaotoka kwenye daraja msiukate, hata mkiambiwa kwamba ndio unaowarusha jukwaani. Mkipigwa na umeme mnapogusa nyuzi, hitilafu iko kwenye amplifaya, soketi au jenereta isiyo na ethi. Itengenezwe huko, na mpaka itengenezwe, msichomeke.